Odumbe Hakuwa Kiraka

Kuna neno katika kurasa zetu za michezo ambalo limenikera kwa muda mrefu, nalo ni kiraka. Beki wa kulia anaumia, kocha anamrudisha winga nyuma kuziba nafasi, na kesho yake gazeti linaandika kuwa winga yule ni kiraka. Wanamsifu, nakubali. Lakini lisikilize neno lenyewe. Kiraka ni kipande kinachoshonwa palipochanika. Hakuna mtu anayekwenda sokoni Songea mjini kuchagua kiraka cha sikukuu. Suruali ikiwa nzima, kiraka kinabaki kwenye boksi la fundi cherehani pamoja na vifungo vilivyopoteza wenzao.

Naandika tasnifu ya shahada ya umahiri kuhusu istilahi za michezo katika Kiswahili. Miezi hii naiandikia nyumbani Matogoro, chini ya milima ile unakoanzia Mto Ruvuma, na umeme ukikatika naandika kwa mkono. Istilahi za soka hazinisumbui, zipo tele na nyingine ni tamu kweli. Kriketi ndiyo inayoninyima usingizi. Na ndani ya kriketi kuna nafasi moja tu iliyonishinda: yule mchezaji anayepiga vizuri kiasi cha kuteuliwa kwa kupiga peke yake, na anayerusha vizuri kiasi cha kuteuliwa kwa kurusha peke yake, naye anazifanya kazi zote mbili katika mechi moja. Tumwiteje? Wenzangu wawili wa darasani, kila mmoja kwa wakati wake, walinijibu bila kufikiri: kiraka.

Nilipompelekea msimamizi wangu sura yenye mfano wa Maurice Odumbe wa Kenya, alinipigia simu.

"Binti yangu," alisema, "kriketi ni mchezo wa Wahindi, nani atasoma? Halafu huyo Odumbe si ndiye yule aliyeuza mechi? Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka. Mtoe huyo, weka netiboli."

"Nimekusikia, mwalimu. Naomba nikujibu kwa maandishi."

"Jibu, lakini kwa ufupi."

Ufupi umenishinda. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nitasema machache. Timu moja inapiga mpira kwa gongo na kukusanya mikimbio. (Ukisema gongo hapa Songea watu watadhani unazungumzia pombe ya magendo, nimelitafutia neno hili mbadala, sijapata.) Timu nyingine inarusha mpira ikijaribu kuwaondoa wapigaji, na kila anayeondoka anahesabiwa kuwa wiketi moja. Wakiondoka kumi, zamu imekwisha na timu zinabadilishana kazi. Mirusho sita ni ova moja. Mengine utayaelewa njiani.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilicheza na West Indies katika Kombe la Dunia. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ninachokijua nimekitoa kwenye jedwali la mechi, ambalo nimelisoma hadi naweza kulikariri. West Indies walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1975 na 1979, na siku hiyo walikuwa na Brian Lara, Curtly Ambrose, Courtney Walsh na Ian Bishop. Kenya ilikuwa timu ya ridhaa, na ndiyo kwanza inacheza Kombe la Dunia kwa jina lake. Mwaka 1975 tulikwenda Uingereza kama Afrika Mashariki, Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia ndani ya jezi moja, tukafungwa mechi zote tatu.

Kenya ilianza kupiga. Ikatolewa yote kwa mikimbio 166. Mpigaji bora alikuwa Steve Tikolo, 29. Mikimbio ya bure, ile isiyotoka kwenye gongo la mpigaji, ilifika 37, maana yake West Indies wenyewe waliifungia Kenya mingi kuliko Mkenya yeyote aliyeshika gongo. Na nahodha? Nahodha alikuwa Odumbe. Alipata mikimbio 6, akatoka kwa aibu kubwa kuliko zote za mpigaji: aligonga vijiti vyake mwenyewe wakati Bishop akimrushia.

Hapo ndipo ninapowataka wale wenzangu wawili wasimame kidogo. Angekuwa kiraka, angekaa kando akasubiri kuona ni wapi pengine pamechanika. Odumbe alikwenda kuongoza timu uwanjani, na zamu yake ya kurusha ilipofika akarusha ova zake 10 zote. Alitoa mikimbio 15 tu, akachukua wiketi 3. Rajab Ali naye alichukua 3, mojawapo ikiwa ya Lara, ambaye alipata 8 kisha mpira ukadakwa nyuma yake na mlinda wiketi Tariq Iqbal. West Indies wote walitoka kwa mikimbio 93. Kenya ikashinda kwa 73, na mchezaji bora wa mechi akawa yule yule aliyeangusha vijiti vyake saa chache kabla.

Tazama hesabu hiyo kwa makini. Kazi ya kwanza alishindwa kabisa. Kazi ya pili aliifanya kwa kiwango ambacho mrushaji yeyote duniani, hata asiyejua kushika gongo, angejivunia. Kushindwa kule hakukuipunguza kazi ya pili, wala ushindi wa kazi ya pili haukuyageuza yale mikimbio 6 yawe 60. Jedwali limeziandika zote mbili, moja juu, moja chini. Mchezaji wa namna hii ana madaftari mawili na anadaiwa kwenye yote.

Kuna siku madaftari yote mawili yalijaa. Tarehe 28 Mei 1998, huko Gwalior, Kenya iliifunga India nyumbani kwake kwa mikimbio 69. Odumbe alipiga 83, ambayo ndiyo alama yake ya juu kabisa katika mechi za kimataifa za siku moja, kisha akachukua wiketi 3. Tarehe 1 Machi 2003 mjini Johannesburg, dhidi ya Bangladesh, alipiga 52 bila kutolewa, akachukua wiketi 4, akawa tena mchezaji bora wa mechi. Kombe hilo la Dunia Kenya ilifika nusu fainali. Ndiyo, New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama wakapoteza pointi, na watu hupenda kulitaja hilo wakikunja midomo. Lakini Sri Lanka walikwenda Nairobi wakafungwa. Zimbabwe nao walifungwa.

Sasa tulichukue lile la Wahindi.

Kisiwa cha Barbados kina watu wachache kuliko mkoa wetu wa Ruvuma, tena kwa mbali sana. Kriketi walipelekewa na watu wale wale waliowamiliki babu zao kama mifugo. Wangekuwa na kila sababu ya kusema huu ni mchezo wa Waingereza, tuuache. Badala yake wakamtoa Garfield Sobers, ambaye katika mechi 93 za Test alifunga mikimbio 8,032 na kuchukua wiketi 235, na leo ni shujaa wa taifa lao kwa sheria, si kwa kupiga makofi tu. Trinidad wakamtoa C. L. R. James, mwandishi na mwanasiasa, ambaye alitumia gazeti alilolihariri kudai kwamba Frank Worrell, mtu mweusi, awe nahodha wa kudumu wa West Indies, na mwaka 1960 Worrell akawa. Mwaka 1963 James akachapisha kitabu kizima kuhusu kriketi na ukoloni. Mchezo ule uliacha kuwa wa Waingereza kwa sababu kuna watu walioucheza na kuna watu waliouandika. Sisi tunao waliocheza.

Halafu huo "Uhindi" wenyewe ni upi? Iangalie orodha ya Kenya siku ile ya Pune: Dipak Chudasama, Hitesh Modi na Asif Karim wako pamoja na Tikolo, Martin Suji, Kennedy Otieno, Thomas Odoyo mwenye miaka 17, na Odumbe wawili, Maurice na ndugu yake Edward. Ukiuita mchezo wa Wahindi umewafuta hawa wa pili, kana kwamba waliokota mpira tu. Na umewatukana wale wa kwanza pia, maana umesema waliovaa jezi ya Kenya wakailaza West Indies si wenzetu. Tanzania tuna historia hiyo hiyo. Viwanja vya Upanga, Dar es Salaam, vililelewa na jumuiya za watu wenye asili ya Asia ambao babu zao wamezikwa hapa hapa. Nasikia watu wakisema "mchezo wa Wahindi" kwa sauti ya mtu anayetetea kitu cha Kiafrika. Anatetea uvivu. Soka haikutoka Namtumbo.

Limebaki lile zito, na sitalikwepa, kwa sababu ndilo linalowafanya hata Wakenya wamtaje Odumbe kwa sauti ya chini.

Mwezi Agosti 2004, baada ya shauri kusikilizwa na jaji mstaafu kutoka Zimbabwe, Odumbe alifungiwa miaka mitano. Alitiwa hatiani kwa uhusiano usiofaa na mtu wa kamari na kwa fedha zilizotoka kwake. Hilo ni kosa, tena kosa baya, maana nahodha wa zamani anapokaa na mtu wa kamari, kila mpira alioukosa unaanza kutiliwa shaka, hata ule alioukosa kwa haki. Sitaki mtu anisome kama mtetezi wa hilo. Na pengine huyo ndiye aliyemaanishwa na methali ya msimamizi wangu.

Lakini "aliyeuza mechi" ni maneno mengine kabisa, na mtu anayefundisha vyuoni anapaswa kuwa mwangalifu na maneno. Hukumu ilihusu uhusiano na fedha. Sisi ndio tuliofupisha. Tumefupisha hadi Pune, Gwalior na Johannesburg zote zimemezwa na Agosti moja.

Linganisha na Afrika Kusini. Hansie Cronje, nahodha wao, alikiri mwenyewe kupokea fedha za watu wa kamari na akafungiwa maisha mwaka 2000. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 2002. Mwaka 2004, mwaka ule ule Odumbe alipofungiwa, Waafrika Kusini walipiga kura ya kuwataja watu wao wakuu wa nyakati zote, na Cronje akashika nafasi ya 11. Mimi naona walivuka mpaka. Nafasi ya 11 ni nyingi mno. Ila angalau kuna nchi iliyoweza kubeba madaftari mawili ya mtu mmoja bila kuyachoma yote. Sisi wa huku tuna la kusamehe lote na la kufuta lote, na la katikati hatujalijaribu.

Na hapa Matogoro nani atamrushia Odumbe jiwe la kwanza? Pita jioni kwenye kibanda umiza chochote siku ya ligi. Vijana wana mikeka mikononi kabla ya kununua maji. Kampuni za kubeti zimeandikwa vifuani mwa jezi ambazo wadogo zangu wanazivaa kwenda kuchota maji bombani. Najua, kampuni yenye leseni si sawa na mtu anayemnong'oneza mchezaji hotelini, na mchezaji ana kiapo ambacho mtazamaji hana. Tofauti ipo. Lakini mtu anayebeti mechi sita kwa siku akiniambia kwamba Odumbe hafai kuandikwa kwa sababu alikaribiana na kamari, nitamwomba kwanza akunje mkeka wake.

Kuna hoja nyingine inayosemwa Nairobi, kwamba kriketi ya Kenya iliuawa na Odumbe. Hebu tuhesabu. Alikuwa nje ya mchezo tangu 2004 hadi 2009. Katika kipindi hicho wachezaji na chama chao waligombana kuhusu malipo, chama kikaanguka, na mwaka 2005 kikaundwa kingine. Timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilizeeka pamoja, maana nyuma yake hapakuwa na mpango wa kuzalisha nyingine. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Makosa ya Odumbe yalipata jaji, mashahidi na hukumu yenye tarehe. Makosa ya walioiacha nyumba ianguke hayakupata hata barua. Yeye alimaliza adhabu yake, akarudi uwanjani akiwa na miaka 40, na mwaka 2018 akapewa kuifundisha timu ya taifa. Wao wamestaafu salama. Ndiyo sababu hadithi ya mtu mmoja mwovu ni tamu sana: inawatosha wengi kujifichia.

Msomaji ataniuliza, binti wa Matogoro, haya yote yanakuuma nini? Yananiuma kwa sababu neno kiraka nimeliona likifanya kazi yake mbali na uwanja. Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa kujitolea katika sekondari ambayo sitaitaja. Anafundisha Kiswahili, anafundisha Hisabati, na vyote kwa kiwango ambacho wazazi wanakijua maana wanaona madaftari. Malipo yake ni michango ya hao hao wazazi, mwezi mwingine yanakuja, mwezi mwingine yanakuja mahindi. Wageni wakija shuleni hutambulishwa: "Na huyu, dada yetu, ndiye kiraka wetu." Anatabasamu. Lakini ikama ikijazwa, kwenye safu ya Kiswahili hayumo kwa kuwa anahesabiwa wa Hisabati, na kwenye safu ya Hisabati hayumo kwa kuwa anahesabiwa wa Kiswahili. Nimemsikia akimwambia mama yangu, "Shikamoo mama, naomba debe moja la mahindi, nitalipa nikipata." Mwalimu wa masomo mawili.

Wanachuo wa ualimu wa hapa Matogoro kila mmoja atatoka na masomo yake mawili ya kufundishia. Nchi nzima imejengwa juu ya watu wa kazi mbili: mwalimu mkulima, muuguzi mwenye genge, fundi anayepiga ngoma kanisani. Na lugha yetu, ambayo ina majina kadhaa ya mchele kutegemea umepikwa au haujapikwa, umekobolewa au haujakobolewa, haina jina la heshima la mtu huyo. Ina kiraka. Ina methali ya kumtisha.

Mshika mbili moja humponyoka. Wahenga nawaheshimu, lakini nadhani hawakuwahi kusimama wakawatazama wasichana wakicheza rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, na wa katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Anainama, anateka, anaruka, anainama tena. Akijaza tu bila kukwepa, ametoka. Akikwepa tu bila kujaza, chupa inabaki tupu na wenzake hawana pointi. Wote hapa mtaani tunamjua yule anayeweza yote mawili, na timu zikigawanywa ndiye anayechaguliwa wa kwanza. Hakuna anayemwacha mwisho akisubiri pachanike. Watoto wa darasa la nne wamelielewa jambo ambalo kurasa zetu za michezo hazijalielewa.

Na haja ya neno haiko mbali. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la kriketi la umri wao, lile la mwaka 2026, wakapangwa kundi moja na West Indies. Majina ya vijana wale si ya "Wahindi" peke yao. Nilitafuta taarifa zao kwa Kiswahili, nikapata aya mbili tatu zilizotaja nani kafungwa na kwa ngapi. Kati ya vijana wale wapo wanaopiga na kurusha. Mtangazaji atakapowataja kwa lugha ya bibi zao, atasema nini? Aseme kiraka?

Nimependekeza mshikambili. Nimelitoa kwenye methali yenyewe, kwa makusudi, kwa sababu nataka kila atakayelitamka asikie ile nusu ya pili na aamue kama ni kweli. Katika tasnifu limeingia hivi: mshikambili, nomino, wingi washikambili, mchezaji wa kriketi anayestahili kuteuliwa kwa kupiga na kwa kurusha, kila kimoja kwa nafsi yake. Mfano: Maurice Odumbe wa Kenya, mechi 61 za kimataifa za siku moja, mikimbio zaidi ya 1,400, wiketi 39, alifungiwa miaka mitano, 2004.

Jana sura imerudi. Netiboli imeongezwa pembeni kwa kalamu nyekundu, na mbele ya mshikambili kuna alama ya kuuliza, lakini mstari wa kufuta haupo. Netiboli nitaiweka. Kwenye alama ya kuuliza nimeandika jibu langu kwa penseli, nikabandika nakala ya jedwali la Pune kwa gundi, na bahasha inaondoka na basi la alfajiri.